Nadhiri, Funza na Kambale Mkavu

Mume wangu alipougua ndui nilimwahidi Mungu jambo kubwa kuliko uwezo wangu, na Mungu akalikubali haraka mno. Nilisema hivi: huyu mtu akipona, sitamfukuza yeyote atakayefika mlangoni kwangu na funza miguuni, nitamtoa funza hao kwa mikono yangu mwenyewe, bila malipo, mpaka Ramadhani ijayo. Ramadhani yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha. Nilitaja funza kwa sababu wakati naomba nilikuwa najikuna kidole cha mguu. Laiti siku ile ningekuwa naumwa jino, ningeahidi mambo ya meno, na huku watu wenye meno mabovu ni wachache.

Siku ya sita aliomba uji. Siku ya kumi alikuwa amekaa dukani anabishana na mteja juu ya urefu wa kaniki, uso umejaa mashimo, sauti ileile. Nilimshukuru Mungu, nikalia, nikachinja kuku. Nilipomaliza kula kuku nikaanza kufikiri. Nadhiri niliitoa kwa sauti ya chini, mashahidi hawakuwepo, na Mungu ni mwingi wa rehema. Niliona huenda tukaelewana, tukafanya mwezi mmoja badala ya kumi na moja.

Kumbe mgonjwa alikuwa anasikia. Alilala pale kwenye mkeka macho ameyafumba, nikidhani anakata roho, naye anasikia kila neno. Akaitangaza nadhiri yangu dukani. Kila aliyekuja kununua chumvi au shanga aliambiwa, "Mke wangu ni mcha Mungu sana, njoo asubuhi na miguu yako." Kesho yake nilipofungua mlango niliwakuta wamekaa chini mstari mzima, miguu wameinyosha mbele, wananitazama kwa matumaini.

Tulikuwa tunakaa Igurwa. Baba yangu alikuwa mtu wa pwani, mama Mnyamwezi, mimi nilizaliwa Tabora, na mume wangu alinileta Karagwe akiniahidi nchi yenye ng'ombe wengi, maziwa na samli. Tulipofika sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilikuwa imekwisha kupita. Tulikuta mifupa. Baada ya sotoka ikaja ndui, baada ya ndui wakaja funza, na habari zikasema Wajerumani wamejenga Bukoba na wanatafuta watu wa kubeba mizigo. Funza walikuwa wageni huku, hawajulikani kwa wazee, na watu walisema tumewaleta sisi wafanyabiashara ndani ya majora ya merikani. Mume wangu alikana kwa nguvu. Mimi sikukana, maana nilikuwa nimeyafungua majora hayo na nilijua kilichokuwa kinarukaruka humo.

Basi nikawa natoa funza. Kazi yenyewe si ngumu, ni ya kuudhi. Unachokonoa ngozi polepole kwa sindano kuzunguka kile kifuko cheupe, na usikipasue, maana kikipasuka mayai yanabaki ndani na mguu unaoza. Ukikitoa kizima unakitupa motoni, kinalia pwa! Shimo unalijaza maji ya tumbaku, na mwenye mguu anakutukana kwa Kinyambo. Nilijifunza matusi ya Kinyambo kabla ya kujifunza kuuliza njia.

Kilichonikatisha tamaa ni kwamba walikuwa wanarudi. Mtu anatoka kwangu Jumatatu vidole vyake safi, Alhamisi yuko mlangoni tena, vilevile, anacheka kwa aibu. Vumbi la nyumba zao lilikuwa limejaa funza. Niliwafundisha kunyunyiza maji na majivu sakafuni, wengine wakafanya, wengine wakaona ni wazimu wa watu wa pwani. Jirani mmoja aliniuliza kwa huruma kabisa, "Unawatoa wa nini, ikiwa wapya wako njiani?" Nilikwenda kuswali na swali lile, na nakiri kwamba nilimsemesha Mungu kwa ukali. Nilimwambia kama angetaka kunitesa angeniambia tu, kuliko kuwasumbua na funza nao.

Mwezi wa tatu wa nadhiri alikuja mama mmoja mrefu, mwembamba, amejifunga ngozi laini ya ng'ombe. Alikuwa mke wa mfugaji wa Kihima aliyekaa kilima cha pili. Mzee huyo alikuwa na ng'ombe wengi kabla ya sotoka, na vijana wawili kabla ya ndui. Sasa alikuwa amebaki na ng'ombe jike mmoja, maziwa yake yanaanza kukauka, na dume hakuna. Habari zilikuwa zimefika kwamba Mabira kuna dume aliyepona. Ng'ombe yule alikuwa ametafuta dume siku mbili zilizopita, na angetafuta tena baada ya siku kumi na nane hivi. Ilikuwa lazima afikishwe Mabira kabla ya hapo. Hakukubali kuongozwa na mtu mwingine ila mzee mwenyewe, anafuata sauti yake tu. Na mzee hawezi kutembea. Funza wamemla nyayo mpaka visigino.

"Siku zikipita," yule mama alisema, "maziwa yatakatika, na sisi tutakuwa watu wa bure."

Nilimhurumia. Lakini siku ile nilikuwa nimekwisha shughulikia watu tisa, mgongo unauma, na kilima cha pili ni mbali. Nikakumbuka maneno ya nadhiri yangu. Nilisema "atakayefika mlangoni kwangu." Nikamweleza yule mama kwa adabu kwamba mimi na Mungu tulipatana juu ya mlango, habari za vilima hazikutajwa. Mzee akifika mlangoni nitamhudumia siku hiyohiyo.

Alinitazama muda mrefu. Halafu akaondoka bila kuaga.

Kesho yake adhuhuri nilikuwa jikoni, nikasikia mume wangu anapiga kelele. Mlango wa duka ulikuwa wa matete yaliyosukwa, mchana tunauegesha tu ukutani. Haukuwepo. Nilitoka nje nikamwona yule mama tayari yuko bondeni, amejitwika mlango wetu kichwani, anatembea kwa madaha, hana haraka hata kidogo. Mume wangu alitaka kumkimbilia, lakini duka lingebaki wazi na majora ndani, kwa hiyo alisimama pale akifungua mikono miwili kuziba mahali pa mlango. "Mfuate!" aliniambia. "Nadhiri ni yako!"

Nilimfuata nikihema. Nilipofika bomani kwao nilikuta mlango wangu umesimamishwa mbele ya nyumba yao, na mzee ameketi nyuma yake, miguu imetokeza upande wangu.

"Amefika mlangoni," yule mama alisema.

Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikacheka mpaka nikakaa chini. Mke wa mzee hakucheka. Alinisogezea kigoda.

"Shikamoo, tata," nikamwambia mzee, maana huku baba anaitwa tata.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Kiswahili alikijua kidogo, alikiokota kwa wapita njia. Kisha akarudisha miguu yake ndani ya ngozi aliyojifunika. "Kabla hujanishika. Unakula samaki?"

Nilikuwa nakula samaki. Tuseme ukweli, samaki ndiye aliyekuwa ananiweka hai. Mume wangu alikuwa akiletewa kambale wakavu kutoka ziwa la Burigi, weusi, wagumu, wa kubanikwa kwa moshi, na mimi nilikuwa nikiwapika kwa bamia na pilipili, nikila nasahau ndui, sotoka na Mjerumani. Lakini mzee alinieleza, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa, kwamba mla samaki akimgusa mwenye ng'ombe, naye akamgusa ng'ombe au akanywa maziwa, chuchu za ng'ombe zitaumia na maziwa yatakauka. Ilivyo ni hivyo tangu mababu. Na si samaki peke yake. Kondoo pia, na kuku, na maharage, na viazi, na karanga.

"Nile nini sasa, tata?"

"Ndizi zipo," alisema.

Mimi sikuamini neno hata moja. Ng'ombe atajuaje nilichokula? Lakini niliitazama ile miguu. Vidole vilikuwa vimevimba hata huwezi kuvitenganisha. Huyu mtu alikuwa hana kingine duniani ila mke, jike mmoja na siku kumi na saba. Nikasema nitaacha samaki, na vingine vyote, mpaka kazi iishe, inshallah. Inshallah hiyo niliivuta kidogo mwishoni, kwa ile sauti ya mtu anayeacha mlango wazi nyuma yake. Mungu aliisikia, najua.

Siku mbili nilikula ndizi. Ndizi za kuchemsha, ndizi za kuchoma, ndizi za kupondwa. Mume wangu alikuwa akila kambale mbele yangu na kulamba vidole, akisema anasikitika kwa ajili yangu. Siku ya tatu nilitoka kwa wagonjwa wangu wa asubuhi, kumi na mmoja, mmoja wao amenipiga teke la kidevu. Nikaingia ghalani, nikakata kipande cha kambale, nikakitafuna kikavu nyuma ya migomba. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile. Nikasukutua mdomo mara tatu, nikanawa mikono kwa ndimu, nikatafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi, nikapanda kilima.

"Unanukia kama bibi arusi," mume wangu aliniambia nilipopita.

Mzee alinitolea miguu kama kawaida. Nilipoinama alivuta pumzi puani, kisha akaanza kunisimulia majina ya ng'ombe wake waliokufa. Nikajisemea karafuu ni mti wa baraka.

Tukaendelea hivyo. Kila siku karafuu, kila siku kipande nyuma ya migomba. Nilikuwa nampa Mungu sababu zangu: miguu inapona, hilo ndilo muhimu, na kama Yeye aliumba samaki basi hakuwaumba kwa bahati mbaya. Miguu ilikuwa inapona kweli. Kisigino cha kulia kilifunga. Sakafu yao niliimwagia maji na majivu kwa mikono yangu, na yule mama alifagia mpaka vumbi likaisha. Siku moja nilikuta funza wapya watatu kwenye kidole nilichokwisha kukimaliza, nikatupa sindano chini nikasema sitaki tena. Mzee aliiokota, akaipangusa, akanirudishia. Nilikasirika zaidi kwa sababu hakusema kitu.

Siku ya nane nilipanda mapema kuliko desturi. Nikamkuta anakula. Mbele yake palikuwa na ndizi zilizochemshwa, tupu, bila chochote pembeni, na alikuwa anazimeza kwa shida kama mtu anayemeza dawa. Wahima wa siku zile waliishi kwa maziwa. Ndizi kwao ilikuwa chakula cha mtu aliyeanguka. Nilikiona chombo chake cha maziwa, kile cha mti kilichochongwa vizuri, kimefunikwa kifudifudi ukutani, kikavu.

Nikamvuta mkewe pembeni. "Ng'ombe amekauka?"

"Hajakauka. Anakamwa na jirani. Wanawake kwetu hatukami."

"Kwa nini mzee hanywi?"

Yule mama alinitazama tena kwa lile jicho la siku ya mlango. "Unaniuliza mimi? Hajanywa tangu siku ya tatu. Wala hajamgusa. Jioni ng'ombe anakuja kwenye uzio anamlilia, yeye anamwimbia kutoka hapa alipokaa, asije akamdhuru."

Siku ya tatu.

"Alijua?"

"Una karafuu nyingi," alisema, "lakini yeye ana pua."

"Mbona hakuniambia? Mbona hakunifukuza?"

"Nilitaka nikufukuze mimi. Akanikataza. Alisema umechoka. Alisema mtu anayeinamia miguu ya watu kutwa nzima asinyang'anywe kitoweo chake, maziwa atakunywa baadaye."

Nilirudi nyumbani bila kutoa hata funza mmoja siku ile. Nilimkasirikia mzee njia nzima. Nilimwita mjinga, nilimwita mwenye kiburi, nilimuuliza alimpa nani ruhusa ya kunihurumia. Nilipofika chini bondeni nilikuwa nalia kwa sauti, na watu wawili waliokuwa wanapita waliuliza nani amekufa. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye ninayetoa. Siku zote zile nilijihesabia mema yangu mbele ya Mungu, nikamlalamikia kwamba yanapotea bure, na huku mtu asiye na kitu ameketi juu ya kilima anakaa na njaa ili mimi nile kambale nyuma ya migomba kwa amani.

Nikatoa kambale wote ghalani nikawabwaga mbele ya mume wangu. "Kula," nikamwambia. "Au uza. Nisimwone hata mmoja." Aliuliza kama ninaumwa. Nikamweleza yote. Akawafunga kambale kwenye gunia na kuwapeleka kwa rafiki yake, na tangu siku ile mpaka kazi ilipoisha naye alikula ndizi. Hakuniambia kwa nini, na mimi sikumuuliza.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee na mdomo usio na karafuu. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Tata, nilikula samaki."

"Najua, mwanangu."

"Kila siku."

"Siku ya sita hukula," alisema. Alikuwa sawa. Siku ya sita mume wangu alimaliza kipande changu.

Nikamwomba radhi. Akasema zikipita siku nne bila samaki atakunywa, na siku zilizobaki zinatosha. Nikamuuliza kama aliogopa kwamba miguu haitapona mapema akanivumilia kwa sababu hiyo, maana nilikuwa natafuta sababu ya kunipunguzia aibu. Alifikiri. Akasema ndiyo, aliogopa hilo pia. Kisha akanyosha mguu. Nilimpenda sana kwa lile jibu, na nilitoa funza siku ile kwa uangalifu kuliko siku zote.

Siku nne baadaye jirani alikama, mzee akakishika chombo kwa mikono miwili akanywa bila kupumua. Maziwa yalimtiririka kidevuni. Mkewe aligeukia ukutani. Ng'ombe alipokuja kwenye uzio, mzee alisimama kwa miguu yake miwili, akatembea hatua kumi na mbili, akamshika shingo. Mimi bado siamini habari za chuchu. Lakini sijawahi tena kucheka kitu ambacho mtu yuko tayari kukaa na njaa kwa ajili yake.

Waliondoka alfajiri, mzee, mkewe na ng'ombe, kupitia Isingiro. Nilimfunga miguu kwa vipande vya merikani mpya, na mume wangu hakusema neno juu ya merikani. Zilikuwa zimebaki siku chache tu. Tulikaa tukisubiri habari, na habari hazikuja. Zilikuja nyingine: askari wamepita Isingiro wanakamata wapagazi, ndui imerudi vijiji vya kaskazini. Nilikuwa natoa funza kila asubuhi na kila mguu niliouona ulikuwa wa yule mzee. Niliswali. Safari hii sikupatana na Mungu juu ya chochote, nilimwomba tu.

Mwezi ulikuwa umekwisha kuandama na kukua na kupungua waliporudi. Niliwaona kwa mbali, watatu, wanashuka taratibu. Nilikimbia kuwalaki. Ng'ombe alikuwa amenawiri. Mama alikuwa mweusi kwa jua. Mzee alikuwa anachechemea, na vitambaa vya merikani havikuwepo tena.

Alikuja mpaka mlangoni kwangu, akaketi, akanyosha miguu. Niliinama kuitazama. Vidole vyote, nyayo, visigino, kote kulikuwa kumejaa upya. Vifuko vyeupe vimepangana kama siku ya kwanza, pengine kuzidi. Siku zote zile za kuinama, ndizi zote zile, njaa yake yote. Machozi yalinitoka kwa hasira.

"Sasa tata," nikasema, "tulifanya kazi ya nini mimi na wewe?"

Mzee alinitazama kwa mshangao, akamtazama ng'ombe wake, akanitazama tena, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Nilifika," alisema.

Nikamwambia mume wangu aniletee sindano.